Masika, Ukungu na Radi: Tuusome Utabiri kwa Faida Yetu

Mazungumzo na watumiaji wa huduma kabla ya kuanza kwa msimu wa Masika



Tunafahamu kwamba wengi wenu mmeacha biashara, mashamba na watoto ili kuja hapa, na mtu mwenye shughuli zake hatoki nyumbani kwa maneno matupu. Kwa hiyo hatutazunguka. Miezi ya Machi, Aprili na Mei inakaribia, na pamoja nayo mvua za Masika. Mvua ni neema na hakuna aliyekuja kuilalamikia. Lakini Masika huja na wenzake wawili ambao hutajwa kwa ufupi mwishoni mwa taarifa ya habari, kisha husahauliwa: ukungu na mvua za radi. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo, kwa kuwa kila mmoja wao humkuta mtumiaji mahali alipolipia huduma: ndani ya basi, ndani ya boti, kwenye soketi ya ukutani, chini ya paa la darasa la mwanawe.

Tuanze na utabiri wenyewe, maana huko ndiko fedha nyingi hupotea kabla hata tone moja halijadondoka.

Chombo chenye jukumu la kutoa utabiri na tahadhari za hali ya hewa katika nchi yetu ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, na Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 iliipa pia kazi ya kudhibiti huduma za namna hiyo. Katika ngazi ya kanda kipo kituo cha ICPAC, nchini Kenya, ambacho kabla ya kila msimu huwakutanisha wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika pamoja na Tanzania, Rwanda, Burundi na Uganda, wakaangalia bahari, pepo na joto, kisha wakatoa mwelekeo wa eneo zima. Kila nchi hurudi nao nyumbani na kuuchambua kwa mikoa yake. Kwa sababu hiyo ramani ya kanda na taarifa ya mkoa wako zaweza kutofautiana kidogo. Ya karibu ndiyo ya kufuata.

Masika yenyewe si ya nchi nzima. Ni ya ukanda wa Ziwa Viktoria, ya nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani Arusha, Manyara na Kilimanjaro, ya pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, na ya kaskazini mwa Kigoma. Ndugu zetu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Dodoma na kwingineko wana Msimu, unaoanza Novemba na kuishia Aprili au karibu na hapo. Watu wa pwani tangu zamani walizijua nyakati hizi kwa pepo: kaskazi hudhoofika, hufuata maleleji, siku ambazo upepo hauna uamuzi, kisha kusi hushika. Kipindi hicho cha upepo usio na uamuzi ndicho jua linapopita juu ya ikweta, karibu na tarehe 21 Machi, na ukanda wa mvua humfuata nyuma kutoka kusini kwenda kaskazini. Wazee hawakuwa na setilaiti, lakini hawakukosea mengi.

Sasa, taarifa inaposema mvua zitakuwa "za wastani hadi juu ya wastani", imesema nini hasa? Katika lugha ya TMA, wastani ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha kawaida cha mahali hapo kwa miaka mingi. Tuzingatie hayo maneno "mahali hapo". Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haipati hata theluthi ya hizo. Mvua iliyo juu ya wastani Dodoma ingekuwa ukame Bukoba. Kwa hiyo mtu wa mkoa mmoja asiazime hofu ya mkoa mwingine.

Zipo pia taarifa zinazotaja asilimia. Tuseme, kwa mfano tu, mmesoma kwamba uwezekano wa mvua juu ya wastani ni asilimia 45, wastani 35, na chini ya wastani 20. Wengi huisikia ile 45 na kuihesabu kuwa ahadi. Si ahadi. Kama wataalamu wasingejua lolote, kila fungu lingepata theluthi moja, yaani 33 na kitu. Kufika 45 maana yake mizani imeinama upande mmoja. Bado katika misimu kumi inayofanana na huu, miwili yaweza kuwa mikavu. Utabiri wa namna hiyo humsaidia mtu anayepanga kwa tahadhari, na humwangamiza anayeweka akiba yote upande mmoja.

Tunasema hivi kwa sababu wapo wauzaji wanaoutumia utabiri kama kipaza sauti cha duka lao. Utaambiwa, "TMA wamesema mvua nyingi, chukua mbegu hii ya muda mrefu, huna hasara." TMA haikusema huna hasara. Utaambiwa paa lako halitavumilia msimu huu, ni lazima ubadilishe mabati wiki hii. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi katika biashara, na kuweka maneno mdomoni mwa mamlaka ya umma ili bidhaa iuzike ni upotoshaji. Mwambie muuzaji aandike ahadi yake kwenye risiti. Mara nyingi hapo ndipo ahadi huisha.

Jumla ya msimu pia haisemi mvua itagawanyika vipi. Mkoa waweza kupata wastani wake kamili kwa siku sita za mafuriko na wiki saba za vumbi. Kwa hiyo utabiri wa msimu ni wa kupanga shamba, bajeti na matengenezo. Wa kuamua safari ya kesho ni ule wa siku moja, na tahadhari za siku tano. Hizi za siku tano huja kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi haipimi wingi wa mvua peke yake. Hupima pia madhara yanayoweza kutokea na uwezekano wa kutokea kwake, ndiyo maana mvua ileile yaweza kupewa njano mahali palipo wazi na chungwa mahali penye watu wengi mabondeni.

"Mvua kubwa", katika taarifa hizo, ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Wapo wanaocheka wakisikia milimita 50, wakiona ni kina cha vidole vichache tu. Basi tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 50 huimwagia lita 3,000, tani tatu za maji, kwa siku moja. Hilo ni tenki kubwa limejaa, kama una tenki na mifereji. Kama huna, ni tani tatu zinazotafuta njia kupitia kwa jirani. Zidisha kwa mapaa yote ya mtaa wako, ongeza barabara za lami zisizonywa maji, ndipo utaelewa kwa nini Jangwani na bonde zima la Msimbazi hujaa wakati wa mvua ambayo huko Kisarawe iliitwa nzuri.

Kuhusu ujumbe unaozunguka kwenye simu, tuseme neno moja. Kimbunga Hidaya kilipolifikia eneo la Mafia tarehe 4 Mei 2024, TMA ilikuwa imekwisha kutoa taarifa zake kwa siku kadhaa, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa. Hayo yalikuwa ya kweli na yaliokoa watu. Video za mawimbi zinazosambazwa kila Masika bila tarehe wala mahali ni habari nyingine kabisa. Ujumbe usio na jina la mamlaka, tarehe ya kutolewa na muda unaohusika, usiusambaze, hata kama umetumwa na shemeji.

Tuje kwenye ukungu.

Ukungu ni wingu lililogusa ardhi. Baada ya mvua ya jioni, mbingu ikitakata usiku, ardhi iliyolowa hupoa upesi na kuipoza hewa iliyo juu yake. Unyevu uliomo hugeuka matone madogo yasiyoanguka wala kupaa. Huo ndio ukungu wa mabondeni. Upo mwingine, wa milimani, unaozaliwa pale upepo wenye unyevu unaposukumwa kupanda mteremko na kupoa njiani. Ndio unaoukuta ukingo wa Ngorongoro, barabara za Lushoto, Kitonga, njia ya Makambako kwenda Njombe, na ile ya kupitia Uporoto kwenda Tukuyu. Wenzetu wa Kenya wanaujua wa Limuru na Kinale. Kwa kawaida huwa mzito kuelekea alfajiri na hukaa hadi jua lipate nguvu, mara nyingi saa mbili au saa tatu asubuhi. Kule kusini hauishi na mvua. Huendelea hadi miezi ya baridi.

Kwa mtaalamu, ukungu ni hali ya kutoona zaidi ya mita 1,000. Kwa abiria, jambo la maana huanza pale dereva asipoona zaidi ya mita 50. Tuifanye hesabu hii pamoja, maana tunaiona kuwa ndiyo kiini cha safari hii yetu ya leo. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tangu jicho la dereva lione lori lililoharibika mbele hadi mguu wake ukanyage breki, hupita kama sekunde moja na nusu. Basi limekwisha kwenda mita 33. Zimebaki 17. Na kwenye lami iliyolowa, hata kwa breki nzima na matairi mazuri, basi hilo linahitaji mita 60 hivi ili lisimame. Hakuna ustadi wa dereva unaozalisha mita ambazo hazipo. Lakini basi hilohilo likienda kilomita 40 kwa saa, hutumia mita 17 kabla ya breki na kama 16 baada ya breki. Linasimama, na mbele yake barabara bado ipo.

Kwa hiyo mwendo wa 80, ambao ndio ukomo wa mabasi katika barabara zetu, haugeuki kuwa salama kwa sababu tu unaruhusiwa. Hapa tunaomba tusemezane kwa ukweli. Dereva anayekimbia ndani ya ukungu hayuko peke yake. Nyuma yake yupo wakala aliyekuuzia tiketi kwa maneno "saa kumi na moja uko Mbeya", na wapo abiria waliopiga kelele Ruaha Mbuyuni kwamba mabasi mengine yamewapita. Tunapokea malalamiko mengi ya mabasi kuchelewa. Tunayapokea, tunayafuatilia, na hatuombi radhi kwa kusema kwamba basi lililochelewa saa mbili kwa sababu ya ukungu limetoa huduma uliyolipia: kufika.

Mtumiaji anaweza kufanya nini? Unaponunua tiketi katika miezi hii, uliza basi litapita milimani saa ngapi. Kama una hiari, chagua linalopita pale jua limekwisha kuchomoza vizuri. Usipange miadi ya hospitali, ya benki au ya mahakama saa moja baada ya muda wa kufika uliotajwa na wakala. Ukiwa ndani ya basi, funga mkanda, hata kama kondakta hajasema. Dereva akiwasha taa kali katika ukungu, mwanga humrudia mwenyewe kama ukuta mweupe. Taa za chini ndizo zinazofaa. Akikimbia, mwambie kondakta kwa adabu na kwa sauti ya kusikika na wengine, kwa sababu abiria mmoja hupuuzwa na abiria kumi hawapuuzwi. Asiposikia, piga namba zilizobandikwa ndani ya basi, za polisi wa usalama barabarani au za LATRA, na utaje namba ya gari, mahali na saa. Malalamiko yenye vitu hivyo vitatu hufanyiwa kazi. "Basi moja jeupe lilikuwa linakimbia" hatuwezi kulifanyia chochote.

Wanaosafiri kwa ndege wana hali nyepesi zaidi kiusalama na nzito zaidi kifedha, kwani rubani asipoiona njia ya kutua hugeuka au husubiri, na anafanya vyema. Soma masharti ya tiketi kabla ya kulipa, uone yanasemaje kuhusu safari kuahirishwa kwa hali ya hewa. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi ndiyo yenye masharti magumu kabisa.

Radi ni jambo zito zaidi, na hapa tutakaa kidogo.

Afrika Mashariki na ya Kati ni nyumbani kwa radi. Eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi mara nyingi kuliko zote duniani, na Ziwa Viktoria halipo mbali nyuma. Ziwa hilo lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu ya radi hujengeka juu ya nchi kavu alasiri na jioni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, pepo za pande zote huteremka na kukutana juu ya maji yenye joto, na dhoruba huzuka katikati ya ziwa kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Hizo ndizo saa ambazo wavuvi wa dagaa wapo kazini na taa zao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga katika usiku usio na mwezi. Kwa ndugu zetu wa visiwani Ukerewe na kwingineko, kusikiliza utabiri wa ziwa kabla ya kusukuma mtumbwi ni sawa na kukagua kama mtumbwi una tundu. TMA hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili. Ukisikia hivyo, usafiri wa chombo kidogo ungoje. Na abiria wa mitumbwi ya kukodi: jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Nchini Rwanda, mwezi Machi mwaka 2018, radi iliua watu 16 waliokuwa kanisani wilayani Nyaruguru. Nchini Uganda, mwezi Juni mwaka 2011, wanafunzi 18 walikufa kwa radi katika shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo. Tunayataja haya kwa sababu wote hao walikuwa chini ya paa. Mtu akisema "ingia ndani", anasema neno jema, lakini nyumba isiyo na njia ya kuupeleka umeme wa radi ardhini hailindi kama mnavyodhani. Nyumba yenye nyaya za umeme zilizowekwa vizuri na mabomba ya chuma yaliyofika ardhini ni salama zaidi kuliko kibanda au darasa lisilo na chochote. Gari lenye bodi ya chuma, madirisha yamefungwa, ni mahali pazuri. Bajaji si gari kwa maana hii, wala bodaboda.

Radi inapopiga mti, umeme husambaa ardhini kuuzunguka, na tofauti ya nguvu kati ya mguu mmoja na mwingine hutosha kuua. Ndiyo maana ng'ombe, ambao miguu yao ya mbele na ya nyuma ipo mbali, hufa wengi kwa pigo moja chini ya mti mmoja. Kujikinga chini ya mwembe ni kuchagua mahali pabaya kwa sababu tu pana kivuli. Hesabu ya umbali ni rahisi: sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona mwako ukahesabu sekunde chini ya 30 kabla ya ngurumo, radi ipo ndani ya kilomita kumi, na imekwisha kukufikia kwa kipimo chake. Ingia mahali salama, usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wengi hudhurika mvua ikiwa imekatika, wakikimbilia kuanua nguo.

Kuhusu kufunika vioo na kutovaa nguo nyekundu: kioo hakiiti radi, wala rangi. Hakuna madhara katika kufunika kioo, isipokuwa pale mtu anapokwisha kukifunika akaketi kwa amani karibu na nyaya za televisheni. Wapo pia wanaouza "kinga ya radi" katika vichupa na hirizi. Imani ya mtu ni yake na hatuiingilii. Sisi tunaangalia fedha na uhai, na tunasema kwamba bidhaa inayolipiwa kwa ahadi ya kuzuia radi, ambayo muuzaji wake hawezi kueleza umeme utapita wapi kwenda ardhini, haijakinga kitu.

Kinga ya kweli ni fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba au alumini unaoshuka bila mikunjo mikali, na vyuma vilivyozikwa ardhini kwa kina cha kutosha. Kamati za shule, misikiti na makanisa, tunaomba mlisikie hili: msipokee kazi hiyo bila fundi kupima ukinzani wa ardhi mbele yenu. Kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni omu 10 au chini yake. Kila kabla ya Masika, mtu aende aangalie kama waya bado upo. Shaba huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na fimbo iliyobaki juu bila waya ni hatari kuliko kutokuwa na fimbo.

Majumbani, madhara ya kila msimu ni vyombo vilivyoungua. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga laini ya umeme mbali kidogo, mkupuo wake husafiri hadi kwenye soketi. Kifaa ambacho wauza maduka hukiita "friji gadi" kina kazi yake: hukata umeme unapopungua au kuzidi mno, na hungoja dakika chache kabla ya kuurudisha ili kompresa ya friji isianze kazi ikiwa na mgandamizo. Ni kifaa kizuri na tunakipendekeza. Lakini hakizuii radi iliyo karibu, hata kama boksi lake limechorwa radi. Njia ya uhakika ni kuchomoa plagi kabla dhoruba haijafika, pamoja na waya wa dishi na wa rauta. Kuzima swichi hakutoshi, maana nafasi iliyomo ndani ya swichi ni ndogo kwa umeme wa radi. Ngurumo zikiwa juu yako, usianze kuchomoa. Umechelewa, kaa mbali na ukuta.

Kuna tatizo jingine linalofanana na radi na silo. Upepo wa Masika ukikata waya wa nyutro peke yake, nyumba ya soketi za volti 230 yaweza kupata volti zinazokaribia 400. Dalili ni taa kung'aa kupita kiasi huku nyingine zikififia. Zima swichi kuu mara moja na utoe taarifa. Waya ukianguka chini, usiusogelee hata kwa mita chache, na umzuie mtoto na mbuzi. Kaa mita kumi au zaidi hadi TANESCO wathibitishe kuwa umekufa.

Chombo kikiungua, usikimbilie kukitupa wala kumpa fundi akang'oe sehemu. Andika tarehe na saa, piga picha, tafuta risiti, uliza majirani kama nao wamepatwa, kwa sababu nyumba tano zilizoungua saa moja husema jambo ambalo nyumba moja haiwezi kulisema. Peleka malalamiko kwa mtoa huduma kwanza, kwa maandishi, udai namba ya malalamiko. Usiporidhika, ndipo yaje kwa mdhibiti: EWURA kwa umeme na maji, LATRA kwa mabasi na daladala, TASAC kwa vyombo vya majini, TCRA kwa simu na intaneti, TIRA kwa bima. Barua iliyoruka hatua ya kwanza hurudishwa, na wiki mbili zimepotea.

Kwa upande wa bima, fupi tu. Bima ndogo ya gari hulipa madhara uliyomsababishia mwingine. Gari lako likizama Jangwani, hailipi. Bima kubwa yaweza kulipa mafuriko, yaweza kuyatenga. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipiwa kabla ya Machi, kwa kuwa hakuna kampuni itakayokuongezea mafuriko maji yakiwa yamefika kwenye bampa. Na maji yanayotiririka yenye kina cha sentimita 30 hivi hutosha kuliinua gari dogo. Daladala ikiyaingia, abiria ana haki ya kushuka kabla, na ashuke.

Karatasi zilizopo mlangoni zina namba za simu za mamlaka tulizozitaja, pamoja na nafasi ya kuandikia namba ya gari, mahali na saa. Chukueni mbili mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwenye mkoba wa safari. Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na waliokaa nyuma.